Ruhusa

Kwetu mgonjwa hatolewi hospitalini, huruhusiwa.
Jirani humuuliza jirani: vipi, ameruhusiwa?
Neno hilo lilinikaa kooni saa tatu asubuhi,
zamu yangu ya usiku imekwisha, koti nimeshavaa,
nilipoitwa chumba cha mkutano, wodi ya saba, Dundee,
chumba chenye mlango wa kioo na viti vitano kwa watu sita.
Nikasimama kando ya bomba la joto.

Ubao mweupe. Kitanda cha kumi na nne: Bi Petrie,
miaka themanini na minne, nyonga mpya,
alama za kumbukumbu: kumi na moja kwa thelathini.

Daktari Nairn alikuwa na dakika saba kwa kila kitanda.
Callum wa viungo alisema: nyumba ya mawe, haina lifti,
vidato arobaini na sita, ameweza kumi na viwili.
Mfamasia: vidonge tisa, vya asubuhi anavimeza usiku.
Ofisa wa ustawi: mpwa yuko Kanada, hupiga simu Krismasi.
Msimamizi wa vitanda hakusema kitu.
Alitazama koridoni, na sote tulijua koridoni kuna nini:
mzee juu ya machela, tangu jana jioni.

"Basi ni nyumba ya kulelea wazee," daktari akasema,
bila ubaya. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa.
Nimewahi kuona watu wabaya wakiamua. Hawa hawakuwa wabaya.
Walikuwa watu waliochoka, wenye karatasi zilizo sahihi.

"Kuna mwenye neno?"

Mimi ni wa kubadili shuka, wa kumwaga mkojo, wa kusema pole.
Fomu ile haina safu yangu.

Nikasema: Bi Petrie hasikii.

Wakafunua kurasa. Haimo.
Haimo, nikasema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.
Aliingia kiwanda cha magunia akiwa na miaka kumi na mitano,
mitambo mia ikibwata pamoja,
na wasichana wale walijifunza kusomana midomo,
wakimsengenya nyapara mbele ya macho yake.
Usiku nawasha taa ya pembeni, nainama, nashusha barakoa.
Huniambia bei ya mkate mwaka alioolewa.
Huniuliza baba yangu, mkata mkonge, alilipwa kwa siku au kwa mzigo.
Juzi alinisahihisha tarehe.
Aliyempima kumbukumbu alifunika mdomo,
akasoma maswali, kichwa kwenye karatasi.
Bibi akajibu alichokiona: utosi wa mtu.

Bomba la joto likakohoa.
Kisha Callum, taratibu, kama anayetafuta funguo mfukoni:
"Kwenye ngazi nilikuwa nyuma yake.
Nilimwambia endelea."

Kumi na viwili. Akasimama pale, akingoja kuambiwa.

Tukaenda wote sita, jambo lisilofanywa,
tukapanga mstari nje ya pazia, nami nikaita hodi,
halafu nikakumbuka ninayembishia ni nani.
Nikaingiza mkono tu, nikapunga.

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, barakoa kidevuni.
Sitasema mambo yalinyooka. Vidonge bado ni tisa.
Vidato havikupungua hata kimoja,
na Januari ngazi za nje hushika barafu.
Aliulizwa anataka nini. Akatutazama
mdomo mmoja mmoja, kama anayehesabu chenji,
akasema: "Mnanijadili tangu Jumatatu.
Kioo cha mlango ule kinasafishwa vizuri sana."

Hapo sikujua tena nani anamruhusu nani.

Ubaoni mtu alifuta maneno matatu,
hakuandika mengine.
Koridoni mzee wa machela aliomba maji.
Nikavua koti.